Ziwa, Mlima na Sarafu: Hesabu na Sayansi Wanazosoma Vijana wa Bukavu

Kila mtoto aliyepata kukaa katika darasa la sayansi amehifadhi kwa ghibu kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100, nalo ni neno la kweli, ila ukweli wake ni wa mwambao wa bahari, ambako uzito wote wa hewa huyaelemea maji yaliyomo sufuriani. Bukavu si mji wa bahari. Umekaa kwenye pembe ya kusini ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko yapata mita 1,460 juu ya bahari, na mitaa yake mingi imepanda vilimani hata ikakipita kimo hicho. Na kwa kuwa hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Unguja, maji yetu huchemka penye nyuzi 95 hivi, wala hayapandi zaidi, hata moto ukichochewa namna gani. Ndiyo sababu maharagwe hukawia jikoni na makaa huteketea mengi. Mama wa mtaa wa Kadutu hana haja ya kuambiwa hayo, maana huyaona kila jioni; mtoto wake naye, aliyeketi karibu na jiko hilo hilo akidurusu masomo ya kesho, hukariri nyuzi 100 kwa sauti, na kesho yake hupata pointi zake zote. Hakuna aliyesema uongo, si mwalimu, si kitabu, wala mtoto; lakini imepita fursa adhimu bila ya kutwaliwa, maana lau kipimajoto kimoja kingalitumbukizwa katika sufuria ile, darasa zima lingalifahamu kwa siku moja kanieneo ya hewa ni kitu gani, na kwa nini kitabu kilichoandikwa mbali hakina budi kusomwa kwa macho ya mahali alipo msomaji.

Vijana ninaowazungumzia ni wale wa miaka 12 hadi 14 hivi, walio katika mwaka wa saba na wa nane. Kwa mujibu wa sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, elimu ya msingi katika Kongo ni ya miaka minane: miaka sita ya shule ya msingi tuliyoizoea, kisha miaka hii miwili, ambayo wazee waliijua kuwa ni mwanzo wa sekondari, na baada yake ndipo kijana huingia katika miaka minne ya humanite, yaani sekondari ya juu. Katika mageuzi yaliyofuata sheria hiyo, yaliyogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, masomo ya sayansi ya daraja hili yalikusanywa chini ya paa moja lenye matawi matatu: hesabu, sayansi za uhai na za ardhi, na sayansi ya fizikia pamoja na teknolojia na ufundi wa kompyuta na mawasiliano. Humo kijana hukutana na namba kamili, chanya na hasi, sehemu, namba tasa, vipeo na milinganyo ya kwanza, mistari, pembe na pembetatu, majedwali na michoro ya takwimu. Husoma habari za wanyama na mimea, za mwili wa binadamu na afya yake. Hujifunza kupima urefu, uzito na ujazo, hali za maada, nguvu na umeme. Si haba kwa mtoto ambaye juzi tu alikuwa katika mwaka wa sita.

Mitaala hii ina shauri moja ambalo mimi naliunga mkono kwa moyo wote, nalo ni kwamba kila somo lianze na hali iliyo hai, yaani jambo ambalo mwanafunzi angeweza kulikuta nyumbani, sokoni au njiani, na maarifa yaje yakiwa ni jawabu la jambo hilo, badala ya kanuni kutangulia na mfano kufuata nyuma. Wala shauri hilo si geni katika historia ya elimu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, alipotunga kitabu chake cha aljebra katika Baghdad ya karne ya tisa, alieleza bayana kwamba amekitunga kwa ajili ya haja za watu katika mirathi, wasia, kesi na biashara, na katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho imejaa masuala ya urithi, mke apate kiasi gani na binti kiasi gani. Walakini mitaala iliyochapishwa Kinshasa kwa ajili ya nchi nzima haiwezi kuijua hali ya kila mji, na kazi ya kuitafuta imeachiwa mwalimu. Madai yangu ni haya, kwamba ni vigumu kuupata mji katika Afrika uliojaa hali za namna hiyo kuliko Bukavu, na kwamba tunawafundisha watoto wetu kana kwamba mji huo haupo.

Chukua sarafu. Mtoto wa Bukavu hulelewa baina ya dola na faranga ya Kongo, na akikaa karibu na mto Ruzizi, mpakani mwa Rwanda, huongeza na faranga ya Rwanda. Mwaka 2024, dola moja ilipokuwa yapata faranga 2,800, mtoto aliyetumwa dukani na noti ya dola tano kununua kitu cha dola tatu alirudishiwa faranga, naye alipaswa kujua papo hapo kwamba chenji yake ni faranga 5,600 na si pungufu, kwa kuwa hakuna atakayemwonea huruma akifika nyumbani na upungufu. Wabadilishaji fedha wa kando ya barabara nao wana bei mbili, ya kununua dola na ya kuiuza, na katika tofauti ya bei hizo mbili mna somo zima la asilimia. Mtoto huyu huyu akifika darasani hukuta uwiano umeandikwa kwa herufi a, b na c, akaona kuwa hilo ni jambo asilolijua kabisa, ilhali amelitenda tangu ana umri wa miaka minane. Hali kadhalika namba hasi: mara nyingi huelezwa kwa baridi ya Ulaya inayoshuka chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna mtoto wa huku aliyeionja, na hali mbele ya macho yetu liko ziwa ambalo uso wake waweza kuwa sifuri, nyumba za mlimani zikawa juu yake, na nyavu za wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza, zinazoshushwa usiku kwa mwanga wa taa, zikawa chini yake.

Na likiwapo jambo moja ambalo ningependa kila darasa la mwaka wa saba katika Kivu lisimuliwe siku ya kwanza ya somo la namba tasa, ni habari ya mfupa wa Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin, mtaalamu wa elimu ya miamba, alipokuwa akichimbua ardhi ya Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, katika Kivu ya Kaskazini ya leo, alipata mfupa mdogo wa rangi ya kahawia, wenye urefu wa sentimita 10 hivi, uliopachikwa kipande cha jiwe gumu kwenye ncha yake, na ubavuni umechanjwa mikato iliyopangwa kwa makundi katika safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo baina ya 10 na 20. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9, yaani 10 na 20 zikizidishwa moja na kupunguzwa moja. Na kila moja ya safu hizi mbili ukiijumlisha hupata 60. Safu ya katikati ina makundi manane, 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, ambayo jumla yake ni 48, na ndani yake 3 yafuatwa na 6, na 4 yafuatwa na 8, mfano wa mtu anayezidisha kwa mbili.

Je, aliyechanja mikato ile alizijua namba tasa? Wataalamu wameshindana juu yake tangu hapo: wako wasemao ni kalenda ya mwezi, na wako wasemao ni mikato ya kuushika mfupa usiteleze. Kwangu mimi shaka hiyo ndiyo tunu yenyewe ya somo, kwa maana mtoto wa miaka kumi na mitatu aweza kuketi na namba hizo, akazijaribu, akatoa hoja yake na kuitetea mbele ya wenzake, jambo ambalo orodha ya namba tasa iliyokaririwa haimpi kamwe. Mfupa wenyewe umewekwa Brussels, katika taasisi ya sayansi ya maumbile. Namba zake lakini ni mali ya yeyote mwenye chaki.

Nikija kwenye sayansi, sina budi kulitazama ziwa, na hapo nitakaa kidogo. Mtoto hufundishwa kwamba maji yenye joto hupanda na ya baridi hushuka. Na hiyo ni kweli katika sufuria, lakini katika vilindi vya Ziwa Kivu, ambalo kina chake chapita mita 480, maji ya chini yana joto kuliko yaliyo juu yake, wala hayapandi. Kwa nini? Kwa sababu yamebeba chumvi na kaboni dioksidi nyingi, zinazotoka kwenye chemchemi zilizo chini ya ziwa katika nchi hii ya volkano, na mzigo huo umeyafanya kuwa mazito kuliko joto lilivyoyafanya kuwa mepesi. Basi ziwa limekaa kwa tabaka, na tabaka hizo hazichanganyiki. Katika kina, ambapo kila mita 10 huongeza kanieneo takriban sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu, gesi zimebaki zimeyeyuka majini, zikikadiriwa kufika kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Kama vile soda inavyotulia katika chupa iliyofungwa, na kutoa povu mara kifuniko kinapoondolewa, ndivyo maji yale yanavyotoa gesi yakivutwa juu ambako kanieneo imepungua. Na kwa njia hiyo, tangu 1963, methani ilitolewa Rubona, karibu na Gisenyi nchini Rwanda, ikatumika katika kiwanda cha pombe, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt ulio upande wa Rwanda huzalisha umeme kwa gesi hiyo hiyo.

Hofu nayo ina mafunzo yake. Tarehe 21 Agosti 1986, katika Kameruni, Ziwa Nyos, ambalo ni dogo mno likilinganishwa na letu, lilitapika kaboni dioksidi usiku, nayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, ikateremka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700. Watu wa Goma na Sake, kaskazini mwa ziwa letu, hawahitaji kwenda mbali hivyo, kwani wanayajua mazuku, yale mashimo na mabonde ambamo hewa hiyo hukaa chini isionekane wala kunusika, mbuzi akaingia asitoke, na mara nyingine mtoto. Somo la uzito wa gesi, kwa watoto wa kando ya ziwa hili, si pambo la mtaala. Ni elimu ya kuhifadhi roho.

Hata sambaza, ambaye mwanafunzi humla na ugali, ana kisa chake. Si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji mapana ya Kivu hayakuwa na samaki wa kukaa humo na kula vijidudu vyake; akastawi, akawa riziki ya maelfu ya watu, na pamoja na kustawi kwake, aina moja ya vijidudu vikubwa vya majini ikatoweka. Neema na hasara zimo katika samaki mmoja mwenye urefu wa kidole, na kumpasua darasani kwagharimu fedha kidogo sana.

Tena kuna mlima. Nyumba za Bukavu zimepandana kwenye miteremko, na kule Funu, katika Kadutu, ardhi yenyewe hutambaa polepole, ikipasua kuta na kubomoa njia. Kijana aliyesoma pembe aweza kutengeneza kwa kamba, jiwe na kipimapembe chombo cha kupimia mteremko wa njia aipitayo kila siku, na aliyesoma eneo aweza kuikadiria mvua: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, hivyo bati la mita za mraba 40, likinyeshewa milimita 30 kwa mchana mmoja, humwaga lita 1,200. Zikipata pipa, ni maji ya nyumba kwa siku kadhaa katika mji ambao mabomba hukauka mara kwa mara; zisipolipata, hushuka kwa jirani wa chini pamoja na udongo. Sijui suala la kuzidisha lililo zito kwa maisha ya mtaa kuliko hili.

Ruzizi nayo hutoka hapa penye mita 1,460, ikaingia Tanganyika penye mita 770 hivi, baada ya mwendo wa kilomita 120 takriban. Anguko la mita 690 ndilo lililoifanya istahili bwawa la kwanza la umeme mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili mwaka 1989, ambalo Kongo, Rwanda na Burundi hulishiriki pamoja. Mwanafunzi agawanye 690 kwa 120, apate mteremko wa wastani, kisha aulize kwa nini, akiwa jirani wa bwawa, hudurusu kwa mshumaa. Swali la pili si la hesabu peke yake, nalo lastahili kuulizwa.

Nimesema yanayowezekana, sasa yapasa niseme yanayozuia, wala sitawalaumu walimu, maana wengi wao wamefanya zaidi ya kile walicholipwa. Tangu migomo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba shule kwa michango, na ule msamaha wa ada uliotangazwa Septemba 2019, ambao ulikuwa neema kubwa kwa shule za msingi, kwa vitendo huishia mwaka wa sita, hata mtoto akafika mlango wa mwaka wa saba akakuta malipo yanamngoja. Madarasa yamejaa. Maabara ni nadra, na shule ambazo zilijengewa vyumba hivyo zamani, kama Chuo cha Alfajiri cha Wajesuiti, ni chache za kuhesabika. Somo la kompyuta aghalabu hufundishwa kwa kuchora kompyuta ubaoni. Na Februari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, shule zilifungwa, mabenki yakafungwa, na watoto wakarudi madarasani wakiwa wameona yasiyofaa kuonwa na mtoto.

Lugha ni kizuizi kingine, na kwa rai yangu ndicho kilicho rahisi kuondolewa kuliko vyote. Mtoto ambaye hufikiri kwa Kiswahili au Mashi husomewa suala kwa Kifaransa, akakosa jawabu si kwa kutojua hesabu bali kwa kutofahamu kinachoulizwa. Kifaransa ni lugha ya mitihani, na nisingependa mtoto yeyote anyimwe. Lakini hakuna linalozuia darasa kujadiliana kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke, kisha likaandikwa kwa Kifaransa. Walimu wengi hufanya hivyo tayari, wengine kwa woga kana kwamba wanaiba. Wafanye kwa uwazi, na prefe, yaani mkuu wa shule, awaunge mkono.

Wako wazee waliosoma kwa mtaala wa zamani wanaohofu kwamba kuanza na sokoni na ziwani kutaipoteza burhani, na bila burhani hesabu huwa ni hadithi. Hofu yao ina haki. Wape watoto hamsini pembetatu hamsini wazipime pembe zake, nao watarudi na 179, na 181, na mmoja na 184. Kipimo peke yake hakitawafikisha kwenye 180 isiyo na shaka. Hapo ndipo mwalimu huchora mstari sambamba na upande mmoja, pembe zikahamia mahali pake, na darasa likaona kwamba haingewezekana kuwa vinginevyo. Lakini mtoto aliyepima kwanza na kupata 184 ana sababu ya kuitamani burhani hiyo, na aliyeandikiwa 180 ubaoni hana.

Mwishoni mwa mwaka wa nane huwangoja mtihani wa kitaifa wa kuwachagua na kuwaelekeza, ule tuliouzoea kwa jina la TENASOSP, na baada yake kijana huamua kama ataishika njia ya sayansi au ataikimbia. Wengi huikimbia, wakisema ni ngumu. Na uamuzi huo huwa umekwisha kufanyika moyoni mwaka mmoja au miwili kabla, hususan kwa wasichana ambao nyumbani huambiwa kwamba hesabu ni za kaka zao. Kilomita arobaini na kitu kutoka hapa, kule Lwiro, kiko kituo cha utafiti wa sayansi ambacho taasisi mama yake iliundwa mwaka 1947, na mjini kwetu kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza dawa ya kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa katika milima ya Kivu. Kijana aliyevifikia vituo hivi mara moja akiwa na mwalimu wake huchagua akijua anachokichagua.

Mwaka wa masomo unapoanza, kamati za wazazi hukutana na wakuu wa shule, hesabu za michango zikasomwa: prime, yaani nyongeza ya mshahara wa walimu, chaki, ukarabati wa vyoo, na sare za michezo. Mzazi aliyehudhuria aombe iongezwe safu moja ya vipimo, yaani mizani ya sokoni, kipimapembe kikubwa cha ubaoni, mita ya kamba, chupa za kioo na betri na waya za taa, na nauli ya gari moja la kwenda Lwiro. Kisha muhula ukimalizika aulize kama vilinunuliwa, na viko katika darasa gani.